Mwambani Haanguki Mtu

Kijiwe chetu ni benchi moja la saruji lililoegemea ukuta mfupi, juu kabisa ya ngazi zinazoshuka ufukweni. Mwenye birika ni mimi, kwa hiyo mwenye kijiwe ni mimi, hata kama wanaume wanajiona wao ndio wenyeji. Asubuhi nawasha jiko, naosha vikombe, na kabla maji hayajachemka wameshafika wale wale watatu. Yupo Breki, aliyeendesha lori mpaka mgongo ukagoma, na siku hizi anaendesha mdomo. Yupo Sentimita, fundi cherehani, futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Na yupo Kinyozi, ambaye kiti chake cha kunyolea kiko pale pale kando ya benchi, na wateja wake ni wachache hivi kwamba anawatambua kwa visogo. Ukikaa kwetu unauona ufukwe wote kama umetandikiwa mezani. Kushoto ni Mchangani, katikati ni Gatini penye gati la zamani, kulia ni Mwambani kwenye mawe. Kila siku wapo watu wa kuteleza juu ya mawimbi na mbao zao, nasi kazi yetu ni kuwahukumu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga ubao huo. Hilo halijawahi kutuziba mdomo.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa na jambo lake. Mjukuu wangu, huyu ninayekaa naye, anakunja mashuka kwa dobi wa hoteli. Akitoka kazini anashuka kwenye banda la chuo cha mawimbi, anawafulia zile nguo zao za mpira, nao wanamwazima ubao. Alianza hivyo mwaka jana, na mimi nikadhani ni upepo tu utapita. Haukupita. Sasa chuo kikawa kinatafuta msaidizi wa kufundisha watoto, na mwenye chuo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe, akawaambia waombaji neno moja tu: njooni na ubao, kila mtu achague mwenyewe pa kuingilia, mimi nitakaa niangalie. Akipata kazi, kwaheri mashuka. Akikosa, Jumatatu yuko dobini, na sabuni ya kule ilishaanza kumla vidole.

Akatokea na ubao kwapani, akausimamisha ukutani.

— Shikamoo bibi. Shikamooni.

— Marahaba. Kunywa kahawa yako, usiongee nao.

Nilikuwa nimechelewa. Breki alishasogea kumpa nafasi.

— Mjukuu, leo ndiyo siku yenyewe. Unaingilia wapi?

— Bado sijaamua, babu. Naenda kuangalia kwanza.

— Kuangalia nini? Sisi tumeangalia mpaka benchi limeingia mabonde. Tuulize.

— Mwambani, akasema Kinyozi, kabla mtu hajauliza chochote.

— Kwenye mawe? nikamuuliza. Wewe una akili?

— Mama, wewe macho yako yako kwenye birika. Mimi nimekaa na wembe mkononi, sina wa kumnyoa, natazama. Mchangani wanaanguka kutwa. Ukipepesa macho, mtu miguu juu. Ukipepesa tena, mwingine. Wakubwa, watoto, wanandoa wanaangukiana. Sasa niambieni, nani amewahi kumwona mtu akianguka Mwambani?

Tukavuta kumbukumbu. Sentimita alitazama juu, Breki alitazama chini.

— Sijamwona, akasema Sentimita.

— Hata mimi, akasema Breki.

Nikajaribu kumkumbuka hata mmoja, nimkomeshe Kinyozi. Sikumpata. Wale wa Mwambani wanasimama juu ya ubao kama wamesimama kwenye sebule zao.

— Haya, akasema Kinyozi. Mahali watu wanapoangukia ndiyo mahali pabaya. Hii haitaki darasa. Kona mbaya unaijua kwa magari yaliyolala pembeni. Sivyo, Breki?

— Ndivyo kabisa. Na mimi naongeza. Lori tupu na lori lenye mzigo, lipi linarukaruka barabarani?

— Tupu, akasema Sentimita.

— Tupu. Linakurusha mpaka kichwa kinagonga paa. Lenye mzigo limetulia, unaweza kunywa chai humo. Sasa yale mawimbi ya Mchangani ni matupu. Madogo, hayana kitu ndani, ndiyo maana yanawatingisha watu. La Mwambani limebeba. Lina tani zake. Mtu akipanda pale anakwenda kama amelala kitandani.

— Na ukitaka kusimama? akauliza mjukuu wangu. Aliuliza kwa adabu, ila mimi namjua, alikuwa anamchokoza.

— Unasimamaje kabla hujafika? Lori langu lilishakata breki mlimani, nikashuka nalo mpaka chini, na nipo hapa. Tatizo la breki ni kuzitegemea.

— Ulifanya nini ulipofika chini? nikamuuliza.

— Hayo mengine, dada.

Sentimita alikuwa ameshaivua futi shingoni. Akiivua ujue wote mtapimwa. Akainyoosha kuelekea baharini, jicho moja limefumbwa, akapima wimbi la Mchangani kwa mbali.

— Hili linamfika magotini. Si nguo hiyo. Sikilizeni watu. Mtoto ukimshonea sare ya kumtosha sawasawa, kabla hujamaliza kupiga pasi imeshambana. Unafanyaje? Unashona kubwa, unaacha pindo, anakua nayo. Na wimbi ni hivyo hivyo. Binti achague wimbi lililomzidi saizi mbili. Mwanzoni litampwaya, baadaye litamkaa.

— Likimpwaya si ndiyo anaanguka ndani yake? nikasema.

— Ndiyo maana kuna mkanda, mama.

— Mkanda gani kwenye wimbi?

— Ile kamba wanayofunga mguuni. Unadhani ni ya nini?

Kwa kweli sikujua ni ya nini, nikachochea jiko.

— Na Gatini je? akasema mjukuu wangu. Pale kati.

Wote watatu wakamcheka kwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida, maana huwa hawakubaliani hata siku gani ni Jumanne.

— Gatini ni gia huru, akasema Breki. Gari linanguruma, haliendi.

— Gatini ni mfuko wa ndani wa koti, akasema Sentimita. Nani ataangalia huko? Mwenye chuo anataka kuona kitu.

— Na mimi nina ushahidi, akasema Kinyozi. Nilikuwa nauhifadhi.

Akasimama. Kinyozi akisimama anafikiri yuko mahakamani.

— Watu wa Mchangani wakipanda ngazi hizi, nywele zao zikoje?

— Zinachuruzika, akasema Breki. Wanatulowanishia benchi.

— Na watu wa Mwambani?

Hapo kila mtu akageuka. Kwa sababu ni kweli. Wale wa Mwambani huwa wanapita hapa na nywele kavu. Nimewauzia kahawa mimi mwenyewe, nywele kavu, wanacheka, chumvi imeganda kwenye nyusi.

— Kavu, akasema Kinyozi polepole. Kichwa ndiyo kazi yangu, na kichwa hakidanganyi. Mtu ametoka baharini na nywele kavu maana yake nini? Maana yake bahari haikumgusa. Mwambani maji yanambeba mtu kwa chini tu, kama trei. Hata povu lenyewe, mmeangalia? Mchangani povu liko kwenye uso wa mtu. Mwambani povu linamfuata nyuma, linamsukuma. Mimi nasema hata asiyejua kusimama, kule atasimamishwa.

— Atasimamishwa na tani, akasema Breki.

— Na saizi, akasema Sentimita.

Mimi si mtu wa kuyumbishwa na hawa. Miaka yote nimewauzia kahawa na sijawahi kununua maneno yao. Lakini zile nywele nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Na mwenye chuo alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake kule chini, na vijana wengine wawili walioomba kazi walikuwa wanaingia Mchangani wakianguka mmoja baada ya mwingine kama nguo kamba ikikatika. Nikamwona akilini mjukuu wangu Jumatatu, mbele ya rundo la mashuka.

— Nenda Mwambani, nikamwambia. Na usinirudie na nywele zilizolowa.

Akanitazama kidogo. Akamaliza kahawa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

— Nimesikia, bibi.

Akauchukua ubao akashuka ngazi. Breki akampigia makofi. Sisi tukakaa kama watu waliomaliza kazi kubwa.

Hapo ndipo alipotokea yule bwana. Alikuja kutoka upande wa barabara, mtu wa mwili, na nguo ya mpira iliyombana mpaka anapumua kwa zamu. Ubao wake ulikuwa mpya, bado una plastiki ya dukani.

— Nani amekushonea hiyo? akauliza Sentimita, kwa uchungu wa kweli.

— Nimenunua hivi hivi. Habari zenu. Nimeambiwa hapa pana wazoefu wa mawimbi. Mimi ndiyo naanza leo.

— Umefika, akasema Breki. Kaa. Mama, mpe kahawa huyu.

Hakuweza kukaa, nguo ilikataa kukunjika. Akanywa amesimama, nao wakamwaga yote: lori, sare, nywele. Yule bwana akawa anaitikia kwa kichwa, uso unazidi kung'aa.

— Kwa hiyo kule Mwambani haanguki mtu.

— Hata mmoja, akasema Kinyozi.

— Nimefurahi sana. Mke wangu alikuwa na wasiwasi. Sasa, wanaojifunza huko Mwambani wanakaa upande gani? Kulia au kushoto?

Kinyozi akanyoosha kidole. Kidole kikaenda kulia. Kikarudi kushoto. Kikabaki hewani, halafu akakitumia kujikuna shingo. Breki akachungulia ndani ya kikombe chake. Sentimita akaanza kuikunja futi, akaikunja, akaikunja.

— Mbona mmenyamaza? akasema yule bwana.

Nikaweka birika chini.

— Kinyozi. Umewahi kumwona mwanafunzi Mwambani?

— Wanafunzi wako Mchangani, mama.

— Wote?

— Wote.

— Mwambani wanaenda akina nani?

— Wanaojua.

— Ndiyo sababu hawaanguki, wewe kichwa cha kuchongea penseli.

— Si na wewe ulikubali, mama?

— Mimi nilikubali nywele.

Sikungoja jibu. Nilifika ukutani kabla yao, na magoti yangu haya yanayonigomea hata kwenda sokoni. Kule chini mjukuu wangu alikuwa ameshapita banda la chuo. Alikuwa anakwenda kulia. Anakwenda kwenye mawe, mwendo wa mtu aliyetumwa.

— Mwite, nikamwambia Breki. Una mapafu ya bure.

Breki akatia vidole mdomoni akapiga mluzi wa kusimamisha treni. Sentimita akanyakua suruali nyekundu ya mteja, akapanda juu ya benchi akaipunga. Kinyozi akapunga shuka la kunyolea, nywele za mteja wa jana zikatumwagikia. Yule bwana akapunga ubao, akakaribia kumwangusha Sentimita. Mimi nikaita jina la mjukuu wangu lote, pamoja na lile ninalolitumia akiniudhi.

Mjukuu wangu akageuka. Akatuona. Akacheka, akatupungia mkono kwa furaha, akaongeza mwendo.

— Anadhani tunamshangilia, akasema Sentimita.

— Shusha hiyo suruali, nikasema.

Akafika kwenye mawe. Hakuna aliyekuwa anapumua pale ukutani, na yule bwana ndiye aliyekuwa na haki ya kutopumua. Maji yalikuwa yamekupwa, na kila wimbi lilipojivuta nyuma, mawe yalitokeza meusi, yana ncha, halafu linarudi linayafunika kama hayakuwapo. Kutoka benchini sikuwahi kuyaona hivyo. Au niliyaona, nikageuka kumhudumia mtu sukari.

Akaweka ubao chini. Akakaa juu yake.

— Anafanya nini? akauliza Breki.

— Anaangalia.

— Anaangalia nini muda wote huo?

— Yale ambayo wewe umeyaangalia mpaka benchi limeingia mabonde.

Akakaa. Mtu mmoja wa Mwambani alitoka majini, wakaongea, yule mtu akanyoosha mkono kuonyesha hapa na pale. Halafu mjukuu wangu akainuka, akachukua ubao. Kinyozi akafumba macho kabisa. Mimi sikufumba, nani angenisimulia?

Akarudi. Akayapa mawe mgongo akarudi njia ile ile, akapita mbele ya mwenye chuo bila kumtazama, na mwenye chuo akageuza kiti kumfuata. Alipofika Gatini akakaa tena, akaangalia tena. Sentimita alikuwa amenishika mkono na mimi nilikuwa nimemwacha anishike, hali ilikuwa imefikia hapo.

— Gatini, akanong'ona Breki. Gia huru.

— Nyamaza.

Akaingia. Hakupita katikati ya mawimbi kama wengine wanaopigwa makofi ya uso. Alipita pembeni, karibu na gati, kuna kama kinjia cha maji yaliyolala, akapiga makasia kwa mikono mpaka nje akiwa ametulia. Akageuza ubao. Likaja la kwanza, akaliacha. La pili akaliacha. La tatu lilikuwa limemfika kifuani, si kubwa, si dogo, akalikimbiza, akasimama.

Akaanguka.

Aliingia majini kichwa mbele, ubao ukaruka juu. Tukangoja. Kichwa kikatoka, maji yakiwa kiunoni tu, amesimama kwenye mchanga, anajifuta uso na kucheka. Pale ukutani tukashangilia kama tumeshinda kombe. Wapita njia walisimama.

— Ameanguka, akasema Breki na machozi. Mmeona alivyoanguka?

— Vizuri sana, akasema Sentimita.

— Nywele zimelowa tepetepe, akasema Kinyozi.

Akarudi nje kwa kile kinjia chake. La pili lake alisimama na hakuanguka. Alikwenda nalo ubavu, taratibu, akakata kushoto, akakata kulia, likamfikisha ufukweni likamteremsha kama abiria. Akafanya hivyo mara nyingi, nikaacha kuhesabu, kahawa ilikuwa inaungua na sikujali. Halafu mwenye chuo akainuka kitini, akamwita, wakaongea. Sikusikia kitu. Niliona tu yule mama anampa fulana ya njano ya walimu, na mjukuu wangu anaivaa hapo hapo, juu ya maji na mchanga na kila kitu.

Alipopanda ngazi alikuwa anachuruzika mpaka kwenye benchi.

— Nimepata, bibi. Naanza kesho.

— Nimeona. Kausha kichwa. Kwa nini hukwenda nilikokutuma?

— Nilikwenda. Nikaangalia nikianguka natokea wapi. Pale hakuna pa kutokea, bibi, ni mawe mpaka mwisho. Mchangani ningekuwa naonyesha ninachokijua tangu mwaka jana. Gatini naweza, ila lazima nijitahidi, na nikianguka nasimama.

— Na mwenye chuo amesemaje?

— Amesema mwalimu asiyejua kipimo chake atawapeleka wapi watoto wa watu.

Sentimita akaitikia kwa kichwa aliposikia kipimo, kana kwamba ni yeye aliyefundisha. Kinyozi alikuwa bado ana lake moyoni.

— Lakini zile nywele, mjukuu. Watu wa Mwambani. Nywele kavu nimeziona mimi.

— Mjomba, kutoka Mwambani mpaka hapa wanatembea juu ya mawe juani. Zinakauka njiani.

Breki alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha. Kinyozi akaenda kupanga nyembe zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Tulikuwa tumemsahau yule bwana. Alikuwa bado amesimama pale, ubao na plastiki yake, nguo imembana, kikombe kitupu mkononi.

— Binti, samahani. Mimi nilikuwa na swali. Anayeanza kabisa aende wapi?

Mjukuu wangu akamtazama kuanzia juu mpaka chini. Hakumcheka. Mimi ningecheka.

— Baba, umewahi kuingia baharini?

— Mpaka magotini.

— Basi leo mpaka magotini. Mchangani, kwa tumbo, kwenye povu. Toa hiyo plastiki, twende.

— Lakini huko si wanaanguka?

— Ndiyo, baba. Huko ndiko kwa kuangukia.

Wakashuka, yeye mbele na fulana yake ya njano, yule bwana nyuma akishuka ngazi kwa ubavu maana magoti hayakukunjika. Sisi tukarudi ukutani. Siku hiyo hakuna aliyekaa tena benchini, na mteja wa Kinyozi alikuja akamkosa akaondoka.

— Ameanguka, akasema Breki.

— Tayari? nikauliza. Wapi?

— Bado yuko kwenye mchanga mkavu.

Basi tukajua amefikishwa mahali panapomfaa.